Nungunungu Anapoomba Radhi

9 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na magoti yako yanakupeleka unakotaka wewe, si yanakotaka yenyewe. Mimi sijambo. Jirani yangu mshona viatu anakusalimu ingawa hakujui. Nilimsomea barua yako iliyopita, ile ya ugomvi wako na muuza mkaa, akacheka mpaka akajichoma sindano.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Simu yako bila spika husikii, na ukiweka spika karakana nzima ya useremala inasikia, pamoja na yule mzee ambaye mimi simtaji.

Sasa kazi. Ile filamu ya katuni niliyokueleza imefika mwishoni, na mimi imenifika shingoni. Nikukumbushe: ni safari ya nungunungu wawili, baba na binti yake, wanaokwenda kuutafuta mto wao. Mto umehama. Wameamka asubuhi wakakuta mawe matupu na samaki mmoja anayewalaumu. Basi wanavuka milima, wanapigana na mbweha wenye meli inayoruka, wanalala ndani ya masikio ya majitu. Baba anaongoza njia kila siku, kila siku anapotea, na hakubali kwamba amepotea. Mwishowe binti anagundua kuwa ni baba mwenyewe aliyeuziba mto kwa mawe kule juu, makusudi, ili binti asiogelee kwenda kuiona dunia. Yaani jitu zima limekausha bonde zima ili mtoto asitoke nyumbani!

Kila mhusika ana mchoraji wake, na mimi nilipewa baba. Sikuomba. Mwongozaji wetu, tunamwita Miwani kwa sababu huvaa moja machoni na nyingine kichwani halafu anazitafuta zote mbili, aliniambia nimchore ninavyomwona. Nikamchora. Siku tuliyomtazama kwa mara ya kwanza ofisi nzima ilishika mbavu. Anatembea mikono nyuma, tumbo mbele, penseli sikioni, na kila akipita karibu na kitu anakigonga kwa kidole kusikia kama ni kigumu. Nungunungu penseli ya nini, Shangazi? Sikujua hata kama nimeiweka, mpaka Miwani aliponiuliza.

Umeshajua ni nani. Usicheke kwa sauti, atakusikia.

Shida yangu ni tukio la mwisho. Baba anamgeukia binti anasema, "Nisamehe, mwanangu." Uso wake peke yake, umejaa skrini nzima, na mimi siwezi kuuchora. Uso wake wa hasira naujua. Wa kiburi naujua. Ule wa kukata mbao vibaya kisha akailaumu mbao naweza kuuchora nimefumba macho. Lakini akiomba msamaha? Sijawahi kumwona. Nimechora, Miwani akasema huyu anaumwa jino. Nimechora tena, akasema huyu anatafuta choo.

Sasa ananiambia nisipouleta uso huo, nungunungu wangu atapewa mchoraji mwingine, mimi niliyemlea tangu akiwa doa la wino. Ndiyo maana nakuomba. Wewe ni dada yake mkubwa. Amewahi kumwomba mtu yeyote msamaha? Nyusi zilikaaje? Mdomo ulifanya nini? Niandikie kila kitu na usimwambie.

Ni kwa ajili ya kazi tu.

Mwanao

&nbsp;

2 Machi

Mwanangu mchora wanyama wa miiba,

Marahaba. Nakupa na ya pili, ya mwezi ule mzima uliokaa kimya. Sisi huku wazima. Na muuza mkaa tumepatana: safari hii ameniletea gunia lenye mkaa ndani, nikamwambia Mungu amekuona. Vitambaa vya makochi nashona kama kawaida, macho yakigoma natumia vidole. Paka amezaa ndani ya droo ya kabati la mteja, na baba yako amekataa kulipeleka kabati mpaka watoto wafumbue macho. Mteja amekuja kugomba, akajibiwa kwamba kabati lake lina wapangaji. Huruma anayo, usifikiri hana. Anawapa paka.

Nimesoma ombi lako mara mbili, ya pili nimekaa chini.

Unaniuliza kama nimewahi kumwona mdogo wangu akiomba msamaha. Mwanangu, mtu huyu nilimbeba mgongoni. Alikuwa akinikojolea ananitazama kana kwamba mgongo wangu ndio umevuja. Siku ya kumwoa mama yako, Mungu amrehemu, alifika jioni kwa sababu alikuwa anapaka vanishi kitanda cha harusi, na badala ya kuomba radhi akawaambia wageni wamewahi mno. Mimi na yeye tumetoka tumbo moja, lakini nadhani mimi ndiye niliyetoka na adabu zote, yeye akakuta rafu tupu.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Uso huo sijauona, mama yetu hakuuona, na kama upo ameuficha pamoja na patasi yake nzuri ambayo hamwazimi mtu.

Unasema ni kwa ajili ya kazi tu. Haya. Wewe hukuandika neno kuhusu yale makaratasi, na mimi sikuulizi neno kuhusu yale makaratasi, basi twende mbele.

Nitakusaidia. Nitamtega. Mtu mwenye makosa mengi hivi hawezi kukosa siku moja ya kuteleza mdomo. Nitamkalia karibu na miwani yangu ya kusomea, na akithubutu tu kusema "samahani" nitaona mpaka vinyweleo.

Kula. Barua yako imeandikwa na mtu asiyekula.

Shangazi yako

&nbsp;

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakula. Nashukuru kwa paka, nimemchora yule mteja akibisha hodi kwenye droo, nimekuwekea humo ndani.

Kwa kuwa umeyataja makaratasi kwa kusema huyataji, nami niseme mara moja tuyamalize. Ilikuwa michoro yangu ya kupeleka chuoni. Nilikuwa nimeifunga kwa utepe, ina jina langu kwenye kila karatasi, nikaiweka juu ya rafu ambayo hakuna mtu anayeweka kitu. Nikarudi kutoka dukani nikaikuta chini ya sufuria ya gundi, inawaka, na yeye anakoroga. "Nilidhani ni maranda ya mbao," akasema. Maranda yenye utepe! Maranda yenye jina! Nilipoteza mwaka mzima kuchora upya, nikalala huku kwa jirani yangu mshona viatu kwenye godoro la ngozi, na tangu siku hiyo hatujasemezana. Ndiyo hayo. Sijalia, wino umemwagika wenyewe.

Miwani ananiuliza uso kila asubuhi kabla ya salamu. Amemwita mchoraji mmoja kijana aje "kutazama tu". Anatazama nungunungu wangu kama anayepima suruali dukani.

Fanya haraka, nakuomba.

Mwanao

&nbsp;

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usilalamike kwamba nimechelewa. Kumtega mtu mzima si sawa na kutega panya, panya anajua akitegwa anyamaze.

Mtego wa kwanza, niliuweka mguu wangu mlangoni pa karakana akipita na ubao. Akaukanyaga. Nikapiga kelele mpaka muuza mkaa akaja mbio. Mdogo wangu akaniangalia, akaangalia mguu, akasema, "Mguu wako unafanya nini hapo?" Kisha akaupima mlango kwa futi, akasema mlango uko sawa.

Mtego wa pili, nikaweka kikombe changu kizuri ukingoni mwa benchi lake. Kikaanguka, kikavunjika. Akalilaumu benchi. Benchi alilolitengeneza mwenyewe! Akalipiga randa mchana kutwa kulitia adabu.

Wa tatu, nikalia. Nikasema amekula mkate wangu wa mwisho, na kweli alikuwa ameula. Nikajifunika uso, nikaacha upenyo wa kuchungulia. Akatoka, akarudi na mikate miwili, akaniwekea mmoja mapajani: "Usilie, unaloweka vitambaa vya watu." Mimi nimemtumbulia macho, miwani puani, sikutaka kitu kinipite. Hapo ndipo akashtuka.

"Mbona wiki nzima unanikodolea macho hivi? Nakufa?"

Nikachoka. Nikamwambia yote. Najua ulinikataza, lakini mguu ni wangu na ulikuwa umevimba. Nikasema, "Mwanao anachora filamu, anataka kujua uso wako unakaaje ukiomba msamaha, na mimi sina la kumjibu."

Akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Amenichora mimi?"

"Amekuchora nungunungu."

"Nungunungu? Mwenye miiba?"

"Na tumbo."

"Tumbo kubwa?"

"La kadiri," nikasema, maana nami ni binadamu.

Akarudi kwenye randa yake. Akaranda mbao mpaka siku ikaisha, nikafikiri mambo yameishia hapo.

Kesho yake nikaingia karakana kuchukua pini. Kuna meza ya kujipambia ya yule mama mwenye duka la dawa, ina kioo kikubwa, bado haijachukuliwa. Nikamkuta mdogo wangu ameketi mbele yake, maranda kichwani, anajitazama. "Nisamehe, mwanangu," anakiambia kioo. Akapandisha nyusi. "Nisamehe, mwanangu." Akazishusha. Akajaribu na kichwa upande. Nilijiziba mdomo kwa kitambaa cha kochi, mwanangu, lakini mwisho nikashindwa.

"Huyo anaumwa jino," nikasema.

Aliruka nusura avunje kioo cha watu. "Ni kazi!" akafoka. "Mtoto anataka kipimo, nampa kipimo. Fundi gani anamnyima mwenzake kipimo?"

Mwenzake! Nilisikia kwa masikio yangu, hata hili bovu.

Nikamwambia basi nieleze huo uso nimwandikie. Akafikiri, akasema uso hautumwi kwa posta. Atauleta mwenyewe.

Nini kitatokea sijui. Mimi nimemaliza kazi yangu, mguu naukanda kwa maji ya moto.

Shangazi yako

&nbsp;

10 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Asije.

Mwambie studio haipokei wageni. Mwambie kuna mlinzi. Mwambie mlinzi ana mbwa na mbwa hapendi mafundi. Mwambie uso nimeshaupata kwa mtu mwingine, mzee mmoja mpole wa huku.

Umenichekesha na kioo, sikatai, nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Kisha nikawaza kitu kimoja, kicheko kikakata. Akija hapa, akaketi, nikamtazama usoni, halafu akaniambia tena kwamba alidhani ni maranda? Nitafanya nini? Nungunungu naweza kumfuta nikaanza upya. Yeye nimfute na nini?

Nilikwambia ni kwa ajili ya kazi. Nilidanganya, na wewe ulijua. Lakini asije.

Mwanao

&nbsp;

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo mchana. Basi limeondoka leo asubuhi.

Amevaa koti lake la harusi, halifungi. Amebeba kigoda alichokitengeneza wiki hii kwa sababu anasema viti vya ofisini havina mifupa, na yeye hawezi kufanya kazi ya uso akiwa amekaa vibaya. Usimcheke sana mbele za watu. Kidogo ruhusa.

Nikwambie jambo moja bila mzaha, kisha niendelee na ushonaji. Anaogopa. Usiku amelala kwa kugeukageuka, chai ameiacha, na pale kituoni aliniuliza kama huko kwenu kuna mlango wa nyuma unaoweza kumtorokea. Huyu nimemjua tangu hana meno, na sijawahi kumwona akiogopa mtu. Amempata, naye ni wewe. Fanya utakavyo, mimi sikuchagulii.

Mhakikishie amekula.

Shangazi yako

&nbsp;

14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Unaona? Neno lenyewe wala halina uzito, limetoka bila mimi kuumwa jino.

Mzee wako amesharudi, kwa hiyo umeshasikia habari zake, na kwa kuwa namfahamu najua amekwambia: "Nilikwenda, nikafanya kazi, nikarudi." Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Mlinzi alipanda juu akasema, "Kuna mzee hapo chini na kigoda chake. Anasema ameleta uso." Niliteremka. Alikuwa amesimama kwenye korido, mikono nyuma, anaigonga meza ya mapokezi kwa kidole. Badala ya salamu akaniambia, "Hii ni mbao ya kubandika." Nikamwamkia. Akaitikia huku akiitazama meza.

Nikampandisha ofisini, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu wote mle ndani wamemtazama kwa miaka miwili akivuka milima na kupigana na mbweha, sasa wanamwona anaingia mlangoni na koti lisilofungika. Mmoja aliingia chini ya meza akajifanya anatafuta waya. Miwani alivua miwani zote mbili. Nikamwonyesha baba kipande ambacho nungunungu anapotea msituni na kumlaumu mti. Akakitazama chote, mikono nyuma, tumbo mbele, akasema, "Hatembei hivyo." Yule wa chini ya meza alitoka nje kabisa.

Miwani akatupeleka kwenye chumba kidogo cha kurekodia, akaweka kamera, akaniweka mimi mbele na karatasi na penseli. Baba akaketi kwenye kigoda chake. "Nisamehe, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma notisi ya kukatiwa maji. Miwani akamwomba arudie. Akarudia, na zile nyusi za kwenye kioo. Akarudia na kichwa upande. Mimi nachora, nafuta, nachora. Nilikuwa nimeshaanza kutulia, Shangazi, kwa sababu niliona ni mchezo tu na mchezo nauweza.

Ndipo Miwani, ambaye hajui lolote la kwetu, akasema, "Mzee, fikiria jambo moja ulilomkosea mtu kweli. Moja tu."

Baba akanigeukia. "Lazima?"

"Bila hilo hatuna filamu," akasema Miwani.

Baba akakigeuza kigoda kunielekea. Kisha akasema, na alikuwa ananiambia mimi, si kamera: "Nilijua ni michoro yako. Nilifungua utepe. Nikaangalia mmoja mmoja, yote. Nilikuwa naomba niione mibaya. Ingekuwa mibaya ningekuacha uende, ungerudi mwenyewe. Ilikuwa mizuri. Ndiyo maana nikaichoma." Akasimama, akakaa tena, mikono haijui iende wapi. "Nisamehe, mwanangu."

Sikuchora. Penseli ninayo mkononi, karatasi iko magotini, na sikuchora hata mstari. Sasa ukiniuliza nyusi zilikaaje, sijui. Mdomo ulifanya nini, sijui. Nilikuwa naona maji tu. Na Miwani, mtu asiyejua hata kubisha hodi, alikuwa ameizima kamera muda mrefu na kugeukia ukuta.

Nilimwambia baba ukweli, kwamba bado nina hasira na hasira yenyewe haitaisha leo. Akasema, "Haki yako." Nikamwambia pia kwamba nimefurahi amekuja. Akakigonga kigoda chake kwa kidole. Tukaenda tukala, alikula sahani mbili, kwa hiyo usiniulize. Siku mbili alizokaa alimfundisha yule mchoraji kijana kushika penseli sikioni, akamwambia filamu nzima imekosewa isipokuwa samaki. Kituoni nilitaka kumkumbatia, koti likatuzuia, tukashikana mikono kama watu waliouziana kabati. Kigoda ameniachia.

Jumatatu Miwani akaja mezani kwangu. Akasema amefurahi sana, amelia, lakini uso uko wapi? Nikamwambia sina. Ulikuwa mbele yangu na sikuuchukua. Akaniambia nina wiki moja, kisha nungunungu ni wa kijana.

Niliwaza siku nzima. Jioni nikamwendea mchoraji wa yule binti, nikamwomba aniachie binti yake kwa tukio hilo moja tu. Ijumaa nikampelekea Miwani kazi. Baba yuko pembeni, kinaonekana kisogo chake na miiba, inasikika sauti yake tu. Uso uliojaa skrini nzima ni wa binti, yule anayeambiwa. Miwani ametazama mara moja, akasema tufunge filamu.

Huo, Shangazi, sikuhitaji kumwuliza mtu unakaaje.

Mwanao